Siku Kumi Kando ya Mto Rufiji

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani mnataka habari za kilimo, kwani ndicho nilichokisomea Chuo Kikuu cha Sokoine na ndicho kinachonilisha hadi leo. Katibu akasema, "La, tuzungumzie simba." Basi nitawazungumzia simba, lakini mtaona kwamba kilimo sikukiacha.

Miaka michache iliyopita ofisi ilinituma kwenye vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Selous la zamani, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Nyumba ya kulala wageni haikuwapo, nikapewa hema katika kambi moja ya watalii ukingoni mwa Rufiji. Asubuhi ya kwanza nilifungua zipu nikawakuta viboko wakirudi majini kutoka malishoni, mamba wameachama juani, na swala pala wakila chini ya mivumo kana kwamba sisi binadamu hatupo.

Mwalimu wangu alikuwa askari wa wanyamapori wa kambi, mzee aliyekaribia kustaafu. Kila alfajiri tulizunguka mahema kusoma nyayo kabla ya upepo kuzifuta. Siku ya pili alinionyesha kinyesi cheupe kama chaki. Ni cha fisi, kwa sababu humeza mifupa. Huyu tunamtukana bure. Katika hadithi zetu zote ni mlafi, mwoga, mngoja makombo. Lakini watafiti waliomfuata usiku Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960 walikuta kwamba huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na mara nyingi simba ndiye anayemnyang'anya. Jike ni mkubwa kuliko dume, naye ndiye mwenye amri. (Naona akina mama walimu wanacheka.)

Siku ya nne mbwa mwitu walipita nyuma ya jiko la kambi. Mguu wake wa mbele una vidole vinne, ilhali mbwa wa nyumbani ana vitano. Humkimbiza mnyama hadi achoke, kisha wakirudi huwatapikia nyama watoto waliobaki pangoni. Nilimweleza mzee kwamba watafiti wa Botswana walichapisha mwaka 2017 kuwa mbwa hao hupiga chafya kabla ya kuondoka kuwinda, na chafya zikiwa nyingi safari inakubaliwa. Akasema kamati ya kijiji chake haijafikia utaratibu huo.

Usiku wa sita nilifanya upuuzi. Kanuni ya kambi ilikuwa kwamba giza likiingia hutoki hemani mpaka umulike kurunzi na askari aje kukuchukua. Nilikuwa nimesahau makaratasi yangu kwenye banda la chakula, hatua arobaini tu. Nikaona aibu kumsumbua mzee kwa safari ya hatua arobaini. Nikaenda, nikarudi, nikalala. Asubuhi tulikuta nyayo za simba dume juu ya alama za viatu vyangu, moja imekanyaga kisigino kabisa. Mzee aliipima kwa kiganja, hakunipigia kelele. Akasema, "Mwanangu, jana hakuwa na haja nawe. Usimzoeshe." Sikula chai siku ile.

Nikaanza kufikiri. Kilichonitenga na simba usiku mwingine wote ni turubai tu, naye hakulirarua. Lakini dungu la shambani halina hata turubai, na mimi nimekulia dunguni. Nikiwa na umri wa kidato cha kwanza nililala huko likizo nzima na kaka yangu, tukipiga debe kufukuza nguruwe wasile mpunga. Mwaka mmoja jirani yetu, baba wa watoto wanne, alichukuliwa dunguni kwake, hatua chache kutoka letu. Tulisikia debe lake likinyamaza. Kaka yangu alinishika mdomo hadi kulipokucha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini mwetu. Huku Rufiji simba mmoja alisemekana kuua watu wapatao 35 hadi alipopigwa mwaka 2004, akakutwa na jipu chini ya gego lililopasuka. Wengi waliamini jino ndilo sababu. Mimi jino silikatai, ila halielezi watu mia tano. Watafiti wale walionyesha jambo jingine: mashambulizi huzidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, mahali ambapo wanyama wengine wa kuwindwa wamepungua na nguruwe mwitu ni wengi. Nguruwe hufuata mpunga na mahindi, simba hufuata nguruwe, na mkulima amelala katikati yao. Tena uchunguzi wa mwaka 2011 uliona hatari kubwa zaidi ni katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku, mwezi ukiwa haujachomoza.

Kwa hiyo sisi maofisa tukifika kijijini baada ya msiba na kuomba bunduki tu, tumefanya nusu ya kazi, na nusu ndogo. Nguruwe yupo palepale, na wiki ijayo mtu mwingine atapanda dunguni. Nimeliandika hilo katika ripoti zangu mara tatu. Handaki la kuzunguka shamba ni kazi ngumu, najua, lakini wanakijiji wakilichimba kwa zamu huwa si mzigo wa mtu mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, kengele ya chai naisikia. Wale mnaokwenda nyumbani Aprili, ambao wazazi wenu wana mashamba kando ya mto, nionaneni nanyi chini ya mwembe baada ya chai. Nimekuja na mchoro wa handaki, na kalenda ya mwezi ya msimu huu.