Moshi wa Dizeli na Daftari la Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi katika mkutano wa Jumamosi)



Tumepewa nusu saa kusema juu ya afya, na juu ya mambo mapya yaliyochunguzwa na madaktari. Mambo hayo ni mengi, nasi tumechagua moja tu, kwa maana linatugusa sisi kuliko watu wengine: moshi wa dizeli. Sisi si madaktari. Wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule ya misheni, na wengine hata huko hawakufika. Lakini tumeona yafaa tuseme wenyewe, kwa sababu jambo hili halikujulikana kwa darubini peke yake. Lilijulikana kwa kufungua madaftari ya watu wa reli, kuangalia nani alifanya kazi gani, na nani alikufa kwa ugonjwa gani.

Wazee wetu waliliita gari la moshi. Wao waliuona moshi kwa macho, mweusi, ukitapakaa juu ya mashamba, na fayamani alirudi nyumbani asitambulike na watoto wake. Injini za dizeli zilipochukua mahali pa mvuke watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana kazi ya tanuri ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Moshi wa dizeli ni mwembamba. Mtu huuzoea mpaka hausikii tena puani. Basi watu wakadhani umekwisha.

Tangu zamani masizi yamejulikana kuwa ni adui wa mfanya kazi. Mwaka 1775 daktari mmoja wa upasuaji katika mji wa London, jina lake Percivall Pott, aliandika habari za watu waliopangusa madohani ya nyumba. Walianza kazi hiyo wangali watoto wadogo, wakipandishwa ndani ya dohani kwa sababu miili yao ilipenya. Walipokuwa watu wazima baadhi yao walishikwa na kansa ya ngozi katika sehemu za siri, mahali masizi yalipokaa katika mikunjo ya ngozi bila kuoshwa. Hiyo ndiyo kansa ya kwanza kuandikwa kwamba imetokana na kazi ya mtu. Angalieni mwaka huo. Ni karibu miaka 250 tangu jambo hilo kuandikwa, na bado masizi hufagiliwa kwa ufagio wa kawaida.

Sasa twende Marekani. Huko reli zilibadili injini kutoka mvuke hadi dizeli baada ya vita vilivyokwisha 1945, na kufika mwaka 1959 karibu injini zote, 95 katika kila 100, zilikuwa za dizeli. Na huko kuna bodi ya pensheni ya watu wa reli, iliyoanzishwa katika miaka ya 1930. Ili bodi hiyo imlipe mtu pensheni ni lazima ijue amefanya kazi miaka mingapi. Basi kila mwaka iliandika jina la mtu na kazi yake: huyu dereva, huyu gadi, huyu shanta, huyu karani. Hakuna aliyefikiri habari za kansa. Walikuwa wakihesabu pesa tu.

Daktari mmoja wa Boston, Eric Garshick, pamoja na wenzake, waliona kwamba madaftari hayo ni hazina. Waliwachukua wanaume wapatao 55,000 waliokuwa katika kazi ya reli mwaka 1959, wenye umri wa miaka 40 hadi 64, wakatafuta vyeti vya kifo vya wale waliofariki. Habari za kwanza walizitoa katika miaka ya 1980. Halafu wakaendelea kuhesabu mpaka vifo vya mwaka 1996, wakatoa habari tena mwaka 2004. Kufika hapo zaidi ya watu 43,000 katika wale walikuwa wamekufa, na 4,351 kati yao waliuawa na kansa ya mapafu.

Hesabu yenyewe ni hii. Waliwaweka upande mmoja madereva, fayamani, magadi, mashanta na wengine wanaokwenda na treni. Upande wa pili wakawaweka makarani, wauza tikiti na wengine wasiokaa karibu na injini. Halafu wakalinganisha watu wa umri ule ule. Mahali ambapo makarani 100 walikufa kwa kansa ya mapafu, upande wa watu wa treni walikufa 140. Hao 40 wa juu walikuwa watu wa reli kama wale wengine. Tofauti ilikuwa mahali wanaposimama saa za kazi.

Mtu atasema, pengine madereva walivuta sigara kuliko makarani. Ni swali la haki, na hao wachunguzi walijiuliza. Katika uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 1987 waliziendea jamaa za watu wa reli waliokufa, wakauliza kila mmoja alivuta sigara kiasi gani. Walipokwisha kuitoa sehemu ya sigara katika hesabu, bado dizeli ilibaki na deni lake kwa wale waliokaa nayo miaka 20. Tusidanganyane hapa: sigara huua watu wengi zaidi kuliko dizeli, na mtu anayevuta sigara ndani ya shedi anajitwika mizigo miwili.

Palikuwa na neno jingine lililowapa wapinzani nguvu. Katika hesabu ile ya 2004, aliyefanya kazi miaka mingi hakuonekana kuwa katika hatari zaidi kuliko aliyefanya michache, na kwa kawaida sumu ikizidi madhara huzidi. Wenye kampuni walilishika neno hilo sana. Lakini mwaka 2006 wachunguzi wale wale waliwatenga watu walioanza kazi baada ya 1945, wakati dizeli zilipokuwa zikiingia, ili wasiwachanganye na wale waliokula moshi wa mvuke miaka mingi kwanza. Hapo jambo lilionekana wazi: kwa watu hao hatari ilipanda kufuata miaka ya kazi.

Tena kulikuwa na wachimba migodi. Serikali ya Marekani ilichunguza habari za watu 12,315 wa migodi minane, si ya makaa wala ya chuma, bali ya chumvi, chokaa na madini mengine kama hayo, mahali ambapo injini za dizeli hufanya kazi chini ya ardhi. Uchunguzi ulianza mwaka 1992. Wenye migodi walikwenda mahakamani wakitaka kuyaona maandishi kabla ya watu wengine. Mambo yalitolewa mwaka 2012, miaka 20 baadaye. Waliokula moshi mwingi kabisa walikuwa katika hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu kiasi cha mara tatu ya wale waliokula kidogo. Sisi tunaojua jinsi faili linavyoweza kulala juu ya meza hatukushangaa kusikia hiyo miaka 20.

Mwezi Juni mwaka huo huo wa 2012, wataalamu wa shirika la kuchunguza kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani walikutana Lyon, Ufaransa. Tangu 1988 walikuwa wamesema moshi wa dizeli “yaelekea” huleta kansa. Sasa waliliondoa hilo neno “yaelekea”. Waliuweka katika daraja la kwanza, pamoja na tumbaku na asbesto. Maana ya daraja hilo isieleweke vibaya. Si kwamba moshi wa dizeli una nguvu sawa na asbesto. Maana yake ni kwamba ushahidi umetosha, hakuna kubishana tena.

Namna unavyofanya kazi mwilini si vigumu kueleza. Chembe nyingi za masizi ya dizeli hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Pua haiwezi kuzizuia, wala kikohozi hakizitoi zote. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali hewa inapokutana na damu. Na kila chembe imebeba kemikali zilizoganda juu yake tangu ilipotoka katika moto. Kemikali hizo huingia katika seli na kuharibu ile asili inayoiambia seli ikue lini na ikome lini. Uharibifu mwingi mwili huurekebisha wenyewe. Siku moja hushindwa. Kutoka siku hiyo mpaka mtu akohoe damu yaweza kupita miaka 20 au zaidi, na wakati huo amekwisha kustaafu, yuko kwao, na nyapara aliyemtuma chini ya injini amesahau jina lake. Leso mliyojifunga puani, ndugu zetu wa shedi, huzuia vumbi nene tu. Chembe hizi hupita ndani yake kama hewa.

Sasa tuje kwetu. Tulimzika fundi mmoja aliyetufundisha kazi wengi wetu. Alikaa miaka mingi ndani ya shedi, injini zikiungurumishwa hapo hapo asubuhi ili zipate joto, milango imefungwa kwa sababu ya baridi. Alianza kukohoa, akatibiwa kifua kikuu, akamaliza dawa zote, akaendelea kukohoa. Mwisho daktari mwingine alisema ni kansa ya mapafu. Mama watoto alipokwenda kuuliza juu ya fidia aliambiwa alete karatasi zinazoonyesha mume wake alifanya kazi gani na miaka mingapi. Alipouliza faili la ofisini aliambiwa maji ya mvua yaliingia stoo. Mwajiri wake hatutamtaja hapa. Wala hatusemi dizeli ndiyo iliyomwua, kwa maana hatuwezi kujua. Alivuta sigara ujanani. Jambo linalotuuma ni kwamba hakuna mtu awezaye kusema ndiyo wala siyo. Yule karani wa Marekani aliyeandika neno “dereva” mbele ya jina la mtu mwaka 1959 aliwafaa watu asiowajua. Kwetu maji yaliingia stoo.

Na huyo fundi alikuwa na kazi ya kudumu. Je, vibarua? Siku hizi kazi nyingi za kuosha injini, kubeba na kufagia masizi hupewa makontrakta, na kijana huajiriwa miezi mitatu, akaachishwa, akaajiriwa tena kwa jina la kontrakta mwingine. Mapafu yake ni yale yale, lakini katika karatasi yeye ni watu wanne tofauti, kama yumo katika karatasi kabisa. Akiugua akiwa na miaka 50 atasema alifanya kazi kwa nani?

Sheria ya nchi iko. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya usalama na afya kazini, na nyingine ya fidia kwa mfanya kazi aliyeumia au aliyepata ugonjwa kutokana na kazi. Ile ya kwanza yasema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawemo. Tuulizane kwa haki: katika shedi yako unawajua wajumbe wa kamati hiyo? Walikutana lini? Kama hawajulikani, hilo ni la kuletwa kwa katibu wiki hii.

Tena mambo tunayotaka si ya gharama ya kutisha. Injini isiungurumishwe ndani ya shedi bila sababu; isukumwe nje kwanza. Ikiwa ni lazima iwe ndani, dohani yake ifunikwe kwa bomba linalotoa moshi hadi nje ya paa. Mafeni yaliyokufa yatengenezwe. Masizi yasipulizwe kwa hewa ya kompresa wala kufagiliwa makavu, yalowanishwe kwanza. Injini inayotoa moshi mweusi iandikwe kuwa ni mbovu, maana moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua, na mwajiri mwenyewe anapoteza pesa kwa dohani hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2023, hewa ya mahali pa kazi isizidi miligramu 0.05 za kaboni ya dizeli katika kila mita moja ya ujazo. Huko mtu huja na chombo, akapima. Sisi twataka chombo hicho kije hata mara moja, tujue tumesimama wapi. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 na injini zake zilikuwa za dizeli, kwa hiyo neno hili si la watu wa reli ya zamani peke yao.

Kwa mgonjwa tunasema hivi. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda hospitali, na kifua kikuu kipimwe kwanza, kwani ndicho kilicho kingi na kinapona. Lakini ukimaliza dawa na kikohozi kikabaki, usikubali kupewa dawa zile zile tena bila kupigwa picha ya kifua. Na mwambie daktari, hata asipouliza, “Mimi ni mtu wa shedi, nimekaa na dizeli miaka kadha.” Mwombe aliandike hilo katika kadi.

Kamati ya tawi imenunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mwanachama ataandikwa jina, mwaka aliozaliwa, kazi anayofanya, shedi au stesheni, mwaka alioanza, na kila anapohamishwa tutaandika tena. Vibarua nao wataandikwa, hata wasiolipa ada, na jina la kontrakta liandikwe kando. Mwenzetu akifariki, jamaa zake wakikubali, tutaandika yaliyosemwa katika cheti cha kifo. Daftari la pili lenye maneno yale yale litawekwa nyumbani kwa mweka hazina, mbali na stoo yo yote inayovuja.

Katibu atakaa pale mlangoni na kalamu mpaka saa kumi na mbili jioni. Walio zamu leo wataandikwa Jumanne wakati wa chakula cha mchana, katika kibanda cha mashanta. Na sasa yuko mzee mmoja pale nyuma, dereva wa zamani, amenyosha mkono tangu tulipotaja injini za mvuke. Mwenyekiti, tunaomba apewe nafasi.