Kahawa Hukwama Wapi? Kupima Mwendo wa Kazi Chamani

Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi



Mkulima aletapo kahawa mbivu mizanini, hufikiri kazi yake imekwisha. Kwa kweli mali yake bado imo safarini. Kahawa mbivu hupaswa kumenywa siku ile ile. Ikilala magunini huchacha, na ladha iliyoharibika hairudishwi kwa maji wala kwa jua. Hasara hiyo huonekana baadaye, katika daraja la kahawa na katika malipo ya mwanachama.

Magunia yarundikanapo, shauri la kwanza la kamati huwa ni kununua mashine nyingine. Kabla ya kutia sahihi hati ya mkopo, yampasa katibu apime mwendo wa kazi yote.

Kanuni ya kupimia ni nyepesi. Uthibitisho wake ulitolewa mwaka 1961 na mtaalamu wa Marekani, John Little. Wingi wa mali iliyomo kazini ni sawa na kiasi kiingiacho kila siku, mara siku ambazo mali hiyo hukaa humo.

Na uchukuliwe mfano wa hesabu. Chama hupokea kilo 6,000 za kahawa mbivu kwa siku wakati wa kilele cha msimu. Mashine humenya kilo 1,000 kwa saa. Kwa saa 6 zote zimekwisha. Kilo 5 za mbivu hutoa kilo 1 hivi ya kahawa kavu ya maganda. Basi kila siku kilo 1,200, kwa uzito wa kahawa kavu, huelekea vichanjani. Kukauka kukichukua siku 12, vichanja vyapaswa kubeba kilo 14,400. Vilivyopo hubeba 9,600 tu. Kwa hiyo chama hicho, hata kikiwa na mashine 3, hakiwezi kupitisha zaidi ya kilo 800 kwa siku, yaani kilo 4,000 za mbivu. Kilo 2,000 zilizobaki ndizo zirundikanazo. Msongamano uko vichanjani, na dawa yake ni nguzo, wavu na misumari.

Wala siku za kukausha zisikatwe ovyo. Kuanika tabaka jembamba, kugeuza mara kwa mara na kufunika mvua inyeshapo huzuia siku kurefuka. Lakini kahawa iondolewayo kabla unyevu haujashuka hadi kati ya asilimia 10 na 12 huota ukungu ghalani.

Ufanisi na tija navyo visichanganywe. Mashine iliyopaswa kufanya kazi saa 6, ikasimama saa 1 na nusu, ufanisi wake ni asilimia 75. Tija ni kilo za kahawa njema zipatikanazo kwa kila siku ya kazi ya kibarua mmoja, au kwa kila lita ya dizeli. Kilo zilizochacha zisihesabiwe kuwa tija.

Daftari la katibu lataka mambo manne: kilo zilizopokelewa, saa ambazo mashine ilisimama, na sababu, tarehe ya kuanika na ya kuondoa kila fungu, na kilo zilizoingia ghalani. Yasomwe mbele ya kamati kila juma, na wanachama waelezwe. Wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.