Kazi Moja, Karatasi Mbili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na bibi zao)



Leo sisemi habari ya mushahara wetu wa mine. Nasema habari ya wauguzi weusi waliovuka bahari kwenda Uingereza.

Tarehe 5 Julai 1948 Serikali ya Uingereza ilianza kutunza wagonjwa wote bila malipo. Wauguzi hawakutosha, ikaita wasichana wa Jamaica, Barbados na Trinidad.

Huko kulikuwa karatasi mbili. Ya kwanza, SRN, ilitaka masomo ya miaka 3, nayo ilifungua njia ya vyeo. Ya pili, SEN, ilikuwa ya miaka 2. Mwenye kuipata alibaki chini. Wasichana wengi weusi, hata waliostahili ya kwanza, walitiwa katika ya pili pasipo kuelezwa tofauti. Waliotaka kurudi kwao walikuta karatasi ile haikubaliwi.

Muangalie ujanja huu. Mutu hakuambiwa, «Wewe mweusi, usipande.» Alipewa karatasi isiyopanda, kisha akaulizwa, «Karatasi yako iko wapi?»

Sisi tunaufahamu. Wakati wa Wabeleji, assistant médical Mukongomani alitibu wagonjwa, lakini jina la muganga hakupewa. Tangu 1960 wengi wao walitumwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi waganga kamili. Akili ilikuwamo, mulango ndio uliofungwa.

Hata Uingereza ilionekana vile. Daphne Steele wa Guyana alikuwa musimamizi mweusi wa kwanza wa wauguzi katika hospitali za Serikali, mwaka 1964. Lakini sheria ya 1965 ya kukataza ubaguzi haikugusa kazi. Ile ya 1968 ndiyo iliyoigusa.

Ugonjwa haujaisha. Hadi leo wakubwa husema, «Hatubagui». Lakini tangu 2015 hospitali za England zinalazimishwa kuandika hesabu kila mwaka, na hesabu zimeonyesha kwamba wasio weupe wanashitakiwa kazini kupita weupe.

Mimi ni karani, najua nguvu ya kitabu cha hesabu. Basi chama chetu kidai kila mahali pa kazi paandike: nani anapanda cheo, nani anaazibiwa. Na mutoto wako akienda kusoma uuguzi, hapa ao ng'ambo, aulize mbele ya kutia sahihi: karatasi hii inafungua mulango gani?