Baharia na Mwalimu: Maneno Tuliyosema Chale

Sisi wa reli tumevuka Likoni asubuhi tuje tuseme habari za Zanzibar. Si mbali, wavuvi wa Kipemba huja dago pwani hii, nanyi mwawajua.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, watu wa Ulaya waliiita Zanzibar Kuba ya Afrika. Aliyeitawala kwanza ni Abeid Karume, kisha Aboud Jumbe.

Karume alikuwa baharia, mtu wa kazi kama sisi. Ardhi ilitaifishwa, maskini wakapewa eka tatu tatu. Shule na matibabu yakawa bure. Majumba ya Michenzani yakaanza kupanda. Haya tusiyafiche. Wangapi kati yetu bado twalipa kodi ya chumba kinachovuja?

Lakini makuli wa Unguja waligoma 1948, mwaka mmoja baada ya mgomo wetu wa Mombasa, na baadaye wakawa na vyama vyao. Chini ya Karume vyama hivyo vilivunjwa, kazi yao ikatiwa katika idara ya Afro-Shirazi. Basi kuli akidhulumiwa na mkuu wake, amshitaki kwa nani? Kwa chama kile kile cha mkuu wake! Uchaguzi haukuwako, sheria zilitoka kwa amri. Mchele ulipoadimika watu walipanga foleni, na kunung'unika kulikuwa hatari.

Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Jumbe, aliyekuwa mwalimu, alitawala kwa upole zaidi. Mwaka 1977 ASP na TANU ziliungana kuwa CCM; 1979 ikaja katiba; 1980 Baraza la Wawakilishi, na kura ya Rais yenye jina moja tu. Wafanyi kazi, lakini, hawakurudishiwa vyama vyao. Waliingizwa JUWATA, nayo ilikuwa jumuiya ya CCM. Januari 1984, katika vikao vya chama Dodoma, Jumbe mwenyewe alibanwa kwa habari ya Muungano, akajiuzulu. Waliompigia kura 1980 hawakuulizwa.

Kwa asiye na nyumba, Karume alikuwa afadhali; kwa mwenye neno la kusema, Jumbe, ingawa kidogo.

Kwa nini twasema haya leo? Jumamosi tawi letu lachagua katibu, na wapo wanaosema kura ya nini, aliyepo ni mwenzetu wa kazi. Ni mwenzetu kweli. Karatasi zitakuwa na majina mawili, na sanduku litafunguliwa saa mbili asubuhi.