Fundo la Rabat, Saini ya Paris



Nianze na uharibifu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ivan da Silva Bruhns, mchoraji aliyezaliwa Paris mwaka 1881 kwa wazazi wa Kibrazili, alichukua zulia la Mashariki akalifumua. Kulitazama hakukumtosha. Alitaka kujua fundo linafungwaje: uzi wa sufu unazungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande, ncha zinavutwa mbele na kukatwa, safu ikijaa, mshindio unapitishwa, unagongwa kwa chanuo mpaka ukae. Kisha safu nyingine, na nyingine. Aliyefumua hata shubiri moja ya kazi hiyo hawezi tena kusema nakshi ni pambo la juujuu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya kufumua. Eileen Gray wa Ireland na mwenzake Evelyn Wyld walisafiri Moroko kabla ya 1910, wakajifunza kwa wanawake wa huko kufuma na kutia sufu rangi za asili. Waliporudi Paris walifungua karakana mtaa wa Visconti. Gray akichora, Wyld akisimamia ufumaji. Mwaka 1922 Gray alifungua duka akaliita Jean Désert. Jean hakuwapo, lilikuwa jina la kiume la kubuni. Désert ni jangwa. Afrika Kaskazini ilikuwa mlangoni kabisa, ila wafumaji wake hawakutajwa.

Da Silva Bruhns naye alivutiwa na kazi za Waberberi, hasa baada ya maonyesho ya sanaa za Moroko yaliyofanyika Paris mwaka 1917. Ukitazama mazulia yake ya miaka ya 1920 unaona pembe, ngazi na mistari iliyokatika, kwa rangi ya kahawia, nyeusi na nyekundu iliyoiva. Pembeni, ndani ya sufu yenyewe, pamefumwa jina lake. Wateja walilipia zulia na jina pia.

Sasa tuvuke bahari, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Moroko iliwekwa chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1912. Ofisa mmoja wa sanaa, Prosper Ricard, alizunguka akikusanya nakshi za kila eneo, na kuanzia 1923 akazichapisha katika majuzuu makubwa. Tangu 1919 serikali ilikuwa na muhuri wake wa mazulia: zulia lililofuata nakshi na ubora uliokubalika liligongwa, lililokwenda kinyume halikugongwa. Sitamtukana Ricard. Vitabu vyake vimeokoa mengi, na mimi mwenyewe navitumia. Lakini pimeni mpangilio huo. Katika miaka ileile, mwanamume wa Paris aliyechanganya nakshi za Moroko na mitindo ya wachoraji wa Ulaya aliitwa msanii wa kisasa. Mwanamke wa Rabat aliyechanganya chochote alikuwa anaharibu asili.

Asili ipi? Zulia la Rabat lina uwanja mwekundu, nyota kubwa katikati, na pindo juu ya pindo kama kuta za ngome. Umbo hilo ni jamaa wa karibu wa mazulia ya Anatolia. Limesafiri, kama neno zulia lenyewe lilivyosafiri kwa Kiarabu mpaka likatufikia sisi. Watu wa Rabat hawakuwahi kulificha jambo hilo. Wanasimulia kwamba zamani korongo aliruka kutoka Mashariki na kipande cha zulia mdomoni, akakidondosha katika ua wa nyumba moja mjini mwao. Wanawake wa nyumba ile walikiokota, wakakiiga.