Kusoma Karatasi Usiyoijua
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Moshi)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo linalowashinda vijana wengi watelemkao kutoka Marangu, Machame na Kibosho kuja kujaribiwa katika michezo ya kuigiza: kupewa karatasi wasiyoiona kamwe, na kuambiwa, "Soma."

Mimi mwenyewe nalishindwa. Nalijiona hodari, maana kusoma ndiyo kazi ya karani. Nikapewa maneno ya mume amwaminiye mkewe: "Hataniacha." Kwa haraka nikasoma, "Ataniacha." Herufi moja ilianguka, na mwenye matumaini akawa aliyekata tamaa. Sikuitwa tena.

Katika Kiswahili kukanusha hukaa mwanzoni mwa kitenzi, na kuuliza mara nyingi hukaa mwishoni, katika alama tu. "Amekuja" na "Amekuja?" ni neno moja, sauti ndiyo itengayo. Basi jicho halina budi kuutangulia ulimi. Wala neno geni lisikutishe: karibu maneno yetu yote hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, hata usilolijua maana waweza kulitamka sawasawa.

Ukipewa karatasi, kwanza omba dakika mbili, uisome kimya. Jiuliza: nani asema, asema na nani, naye ataka nini kwake? Pili, ishike usawa wa kifua, kidole gumba kando ya mstari, na kila uishiapo sentensi umtazame mwenzako. Tatu, mwenzako asemapo, msikilize; usiwinde mstari wako. Nne, ukikosea, endelea pasipo kuomba radhi.

Mazoezi ni robo saa kila jioni, kwa sauti. Mtoto wa nyumbani na akufungulie ukurasa wowote wa Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, au wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Vyote viwili vilitolewa mwaka 1969. Jaribu kusoma hata asiyekuona adhani wazungumza. Ndiyo kazi ya mchezo wa redio, kama Twende na Wakati, ulioanza kusikika Radio Tanzania mwaka 1993.

Labda mwanachama atauliza, "Nasi tusioigiza?" Ndugu, hutokea mzee akaja kutoka mlimani na barua ya mwanawe, akatuomba tumsomee. Hatukuiona kabla, naye hana jicho lingine ila letu. Tukiiangusha ile herufi moja katika "hatauza shamba," mzee atarudi mlimani usiku halali, na ugomvi utaingia nyumbani mwake kwa kosa la karani. Kijana akikosea hukosa nafasi katika mchezo. Sisi tukikosea, aumiaye ni mwingine.