Dawa ya Kuku na Dawa ya Mtoto

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwenye baraza la wafugaji)



Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari, ila nimekulia kwenye kuku. Mama alipoona vifaranga wamejikunyata, alichukua kapsuli ya tetrasaiklini iliyobaki mtoto alipopona, akaifungua na kumimina unga kwenye maji yao. Naona mnacheka. Kuna waliofanya hivyo wiki hii.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni kideri. Kideri huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kinga yake ni chanjo. Ule unga hufanya kazi nyingine: huua bakteria dhaifu tumboni mwa kuku, ukawaacha sugu wazaane. Tena bakteria hupeana usugu, hata wakiwa wa aina tofauti. Kisha hutufikia kupitia mikono, maji ya kisima, nyama isiyoiva, na samadi mbichi tunayotia kwenye sukuma wiki. Sisi nasi huwaambukiza mifugo.

Haya si ya mbali. Watafiti walichunguza kaya 99 jijini Nairobi wakakuta watu na mifugo wanashiriki bakteria wa E. koli. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kupata, kwa nguruwe na kwa wagonjwa, jeni inayoishinda kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba ya mwisho. Mwaka 2017 China ilipiga marufuku kuitia kwenye chakula cha kukuzia mifugo.

Kwa mtoto mwenye maambukizi ya damu, usugu ni sindano ya kwanza kushindwa, ya pili kushindwa, na saa zinakwenda.

Sasa maziwa. Ng'ombe akidungwa kwa kuvimba kiwele, karatasi ya dawa hutaja siku za kusubiri. Najua maziwa hayo ndiyo karo. Lakini kuchemsha huua bakteria tu, mabaki ya dawa hubaki. Hata mala huenda ikakataa kuganda. Andikeni tarehe ya sindano kwenye ukuta wa zizi, na anayekamua aambiwe. Kabla ya kwenda agroveti, mnyama aonwe kwanza. Dozi ikianza, imalizwe.

Daktari wa mifugo wa wadi yuko hapa na ratiba ya chanjo ya kideri. Namwachia kipaza sauti. Yule mama aliyenyoosha mkono pale mbele aanze.